MTOTO HASOMI KWA MASIKIO PEKE YAKE

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu, wazazi na wanachama wa Newala na Masasi. Tunayachapa yote kwa faida ya wasomaji wetu.)



Nimetakiwa niseme juu ya kazi ya mwalimu darasani. Wako watakaosema: Hayo ni mambo ya walimu, sisi wanachama yatuhusu nini? Yatuhusu sana, na natumaini kabla sijaketi kila mmoja wetu ataona ni kwa njia gani.

Piteni karibu na shule yo yote, ya huku juu uwandani Newala au ya kule Masasi chini ya majabali, saa nne ya asubuhi. Mara nyingi mtasikia sauti moja ikisema na sauti nyingi zikiitikia. Mwalimu auliza, "Saba mara nane?" Darasa zima laitikia, "Hamsini na sita!" Mwalimu auliza, "Mmeelewa?" Darasa laitikia, "Ndiyo!" Mpita njia hufurahi, asema moyoni, hawa watoto wanasoma. Lakini mchukue mtoto mmoja katika hao, mpe vikombe vinane vya korosho, kila kikombe punje saba, umwulize zote ni ngapi. Wengi watakutazama usoni wangoje wenzao waitikie. Basi kuitikia si kujua. Mtoto huyo amefunzwa wimbo, hakufunzwa hesabu.

Ndugu zangu, jambo hili si dogo. Tukumbuke tulikotoka. Wakati wa mkoloni shule nyingi za vijijini ziliishia darasa la nne. Ulipofanywa uchaguzi wa mwaka 1958, Mwafrika aliyetaka kupiga kura alitakiwa awe amesoma mpaka darasa la nane, au awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au awe na cheo kilichokubaliwa. Yaani walitunyima shule, kisha wakatuambia, hamna kura kwa sababu hamkusoma. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, kazi moja kubwa ilikuwa kuubomoa ukuta huo. Tukaubomoa kidogo kidogo. Mwaka 1967 likatoka tangazo la Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1974 Chama kikaamua kule Musoma kwamba kila mtoto aende shule ya msingi, na mwaka 1977 jambo hilo likaanza kutimizwa nchi nzima. Ada ya shule ya msingi ikaondolewa tena mwaka 2001, na mwaka 2016 elimu bila ada ikafika mpaka kidato cha nne.

Mlango umefunguliwa, na watoto wameingia. Sasa yatupasa tuulize wanapewa nini humo ndani. Tangazo lile la mwaka 1967 halikutaka mtoto wa kuitikia tu. Lilitaka mtoto mwenye akili ya kuuliza, mwenye uwezo wa kujifunza kwa wengine bila kuwaiga kama kasuku, na mwenye kujiamini kuwa ni mtu huru. Mtoto aliyezoeshwa miaka saba kuitikia "ndiyo" asiloelewa, kesho akiwa mtu mzima ataitikia "ndiyo" hiyo hiyo kwa mnunuzi mwenye mizani mbovu, na kwa msemaji ye yote mwenye sauti kubwa mkutanini. Hapo ndipo linapotuhusu sisi. Chama cha watu huru hakijengwi na watu waliofunzwa kuitikia.

Sasa mwalimu afanyeje? Wengine hudhani kufundisha kwa njia nyingi ni jambo lililotoka Ulaya pamoja na vitabu vya vyuo vya ualimu. Si kweli. Sisi watu wa kusini tulikuwa nalo kabla ya ubao na chaki kufika.

Wazee mlio hapa mwajua zaidi kuliko mimi. Katika jando na unyago, kungwi na nyakanga hawakufundisha kwa maneno matupu. Walifundisha kwa nyimbo, ili neno likae moyoni. Walifundisha kwa mafumbo na vitendawili, ili mwari atafute maana mwenyewe. Walifundisha kwa ngoma na kwa vinyago vya midimu, ili jambo lionekane kwa macho. Walifundisha kwa sanamu za udongo na za mti, ili mkono uguse. Tena walifundisha kwa vitendo: huyu alime, huyu apike, huyu awinde. Je, mmepata kusikia mwari aliyesinzia unyagoni? Lakini darasani wanasinzia.

Sisemi kila kitu cha kumbi kiingizwe shuleni. Kumbi zilikuwa na viboko na vitisho, na zilifunza kutii zaidi ya kuuliza. Hayo tuyaache. Ninasema njia zile zilikuwa nyingi, na zilimshika mtoto mzima, macho, masikio, mikono na miguu. Njia hizo tuzichukue, tuzitie elimu ya leo.

Hata wageni waliliona jambo hili. Misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta huko watu waliokombolewa utumwani, na kwa miaka mingi wamisheni waliitazama jando kama jambo la giza. Lakini Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926, hakuivunja. Aliiacha kambi ya msituni, akaziacha nyimbo na mafundisho ya wazee, akatia humo dini yake. Alijua kwamba ile ilikuwa shule, na ya kwake ilikuwa ngeni.

Kabla ya hapo, mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya misheni ya Masasi kuchomwa katika Vita vya Majimaji, Mjerumani mmoja wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alifika Masasi akapanda mpaka Newala. Wapagazi walimchukulia mashine ya kunasa sauti na mashine ya kupiga picha za kutembea. Akanasa nyimbo zetu, akapiga picha za ngoma zetu, akawapa watu karatasi na penseli wakamchorea mambo ya maisha yao. Hayo yote akaenda nayo Ujerumani, watu wa huko wakajifunza. Angalieni sasa: zaidi ya miaka mia moja iliyopita mgeni aliona nyimbo na michoro ya uwanda huu yastahili mashine ya thamani kubwa. Leo mwalimu wetu ana simu mfukoni inayonasa sauti na kupiga picha za kutembea, kazi ya mashine zile mbili pamoja, na bado mtoto wa Newala hajasikia wimbo wa bibi yake ukitumika kumfunza herufi.

Nisiseme kwa ujumla tu. Nitatoa mifano minne ambayo kila shule ya huku yaweza kuifanya.

Mfano wa kwanza ni hesabu. Huku kwetu korosho ndiyo mali. Tangu mwaka 2007, korosho za Mtwara zilipoanza kuuzwa kwa stakabadhi ghalani, mkulima hupewa karatasi yenye uzito, daraja na makato. Pia nyote mwaujua ununuzi wa kangomba, wa kupima kwa chombo badala ya mizani. Basi mwalimu alete darasani mizani na chombo. Watoto wajaze chombo hicho korosho mpaka juu, wapime wenyewe. Wakiona chombo kinachoitwa kilo moja kina kilo moja na robo, wakae chini wafanye hesabu. Gunia la kilo 80 likipimwa kwa chombo hicho latoa vyombo 64 tu. Mkulima analipwa kilo 64, na kilo 16 zimekwenda bure. Bei ikiwa shilingi 2,000 kwa kilo, amepoteza shilingi 32,000 katika gunia moja. Mtoto aliyepima kwa mkono wake hatasahau kugawanya kwa desimali, na tena jioni atamweleza baba yake. Somo hilo moja limefunza hesabu, limelinda mali ya nyumba, na limemfunza mtoto kutokukubali neno bila kulipima.

Mfano wa pili ni maarifa ya nchi na sayansi. Kila mtoto wa uwandani ajua taabu ya maji. Ajua kwamba tangu zamani akina mama walishuka bonde na kupanda wakiwa na maji kichwani, na kwamba katika miaka ya 1950 ulianza mradi wa kuyapandisha maji kwa pampu. Lakini ni wangapi waliofunzwa kwa nini mvua yanyesha Newala na maji yatoka chini ya mteremko? Mwalimu achukue kopo kubwa, atoboe matundu ubavuni karibu na kitako. Chini aweke udongo wa mfinyanzi mpaka penye matundu, juu yake ajaze mchanga. Watoto wamwagie maji juu. Wataona mchanga umeyameza yote, juu pamebaki pakavu, na baada ya kitambo maji yatoka matunduni, juu ya udongo ule mgumu. Hiyo ndiyo Newala yetu ndani ya kopo. Kisha awapeleke mpaka Shimo la Mungu, wasimame ukingoni, watazame bonde la Ruvuma, wachore wanachokiona. Hapo wameona, wamegusa, wamechora, na kitabu wakikisoma kitawaambia jambo wanalolijua.

Mfano wa tatu ni kusoma. Mtoto mwingi huku huingia darasa la kwanza na Kimakonde, Kimakua au Kiyao kinywani, na Kiswahili chake ni kidogo. Kiswahili ni lugha iliyotuunganisha, na ni lugha ya shule zetu za msingi tangu mwaka 1967, hatutakiacha. Lakini neno geni juu ya jambo geni ni mzigo juu ya mzigo. Mwalimu na aanze na kitu anachokijua mtoto. Achore picha ya mbuzi, ya mchi na kinu, ya mkorosho. Akate maboksi ya dukani afanye kadi za herufi, watoto wazipange sakafuni, wazichanganye, wazipange tena. Atege kitendawili, watoto watege vyao. Msiseme hatuna wachoraji. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alikuwa mwana wa Tunduru, majirani wa Masasi. Alichora juu ya vibao vya mraba vya bei nafuu kwa rangi ya kupakia baiskeli, na michoro ya namna yake imekwenda dunia nzima. Na wachongaji wa Kimakonde wamefanya gogo la mpingo liseme. Katika kila kijiji cha hapa yuko mtu wa kuchonga au kuchora. Aitwe shuleni nusu siku.

Mfano wa nne ni historia. Watoto wanakariri tarehe, na watu waliorithishwa habari zenyewe wamekaa barazani. Kila mtoto apewe swali moja la kumpelekea mzee: Babu zetu waliwaambia nini juu ya Majimaji? Maji mlichota wapi mlipokuwa watoto? Korosho ya kwanza mliiuza kwa nani? Alete jibu, lisomwe darasani, lilinganishwe na la mwenzake na la kitabu. Majibu yakigongana, ndipo somo limeanza, kwa sababu watoto wataanza kuuliza nani yuko sawa na tutajuaje.

Sasa niseme juu ya redio, filamu na simu, maana najua vijana mwangoja hapo. Vyombo hivi ni vizuri, lakini chombo si mwalimu. Tujifunze kwa jambo tulilolifanya wenyewe. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu kama milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi. Mlikuwa na redio katikati, kijitabu mkononi, na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kazi yake. Kipindi kikiisha hamkuondoka. Mlisoma kijitabu, mkazungumza juu ya malaria, kichocho na minyoo ya kwenu, mkaamua la kufanya, kisha mkachukua majembe mkachimba vyoo na kufukia madimbwi. Je, ni redio iliyochimba vyoo? Sivyo. Ni sikio, na jicho, na kinywa, na mkono, vikifuatana kwa mpango. Redio peke yake ingalipita kama upepo.

Basi shule yenye redio, au simu ya mwalimu, au filamu, na iulize maswali matatu kabla ya kuiwasha. Watoto watatazama nini hasa? Wakimaliza watazungumza nini? Kisha watafanya nini kwa mikono yao? Kama hapana jibu la swali la tatu, heri mtoto akacheze mpira.

Ndugu walimu, nayajua majibu yenu, wala si ya mzaha.

La kwanza mwasema, watoto ni wengi mno. Kweli. Lakini ni kwa sababu hiyo hasa kuimbisha darasa zima hakufai, maana katika wingi huo asiyejua hujificha nyuma ya sauti ya anayejua. Wagawe makundi ya watoto kumi, kila kundi na kiranja wake na kazi yake. Kundi moja lapima, moja lapanga kadi, moja lasoma. Mwalimu apita akisikiliza. Atawajua watoto wake zaidi kwa wiki moja kuliko kwa muhula wa kuitikiana.

La pili mwasema, hakuna fedha za zana. Kopo, mchanga, mfinyanzi, maboksi, korosho na mzee wa barazani havinunuliwi. Mizani huazimwa. Kisichopatikana kijijini tutakiombea fedha, lakini kilichopo kijijini tusikiombee.

La tatu ndilo zito. Mwasema, mtihani hauulizi juu ya kopo na kangomba, na sisi twapimwa kwa matokeo ya mtihani. Hapo wazazi na viongozi tuna lawama yetu. Matokeo yakitoka twakimbilia kuuliza shule imekuwa ya ngapi. Hatuulizi mtoto ameelewa nini. Lakini nawaambia, mtoto aliyeelewa kugawanya kwa mizani atagawanya na katika mtihani. Aliyekariri hugeuziwa swali kidogo tu, akapotea. Kuelewa hakumzuii mtu kufaulu.

Sasa sisi wanachama na wazazi tufanye nini? Nataja mambo manne, na nayataja tuyafanye, si tuyapigie makofi.

Kwanza, tusimcheke mwalimu tukimwona nje ya darasa na watoto, wakipima shamba kwa kamba au wakitazama mchwa. Yuko wazazi waliokwenda kulalamika kwamba watoto wanachezeshwa. Huo si mchezo, ndiyo kazi yenyewe.

Pili, shamba la shule liwe somo. Elimu ya Kujitegemea iliharibiwa pale shamba lilipogeuzwa adhabu ya wachelewaji na vibarua vya bure. Mtoto akilima mikorosho ya shule, na ahesabu mashimo, apime nafasi, aandike mapato, ajue fedha zimekwenda wapi. Asipoambiwa fedha zimekwenda wapi, amefunzwa utumwa kwa jembe lile lile.

Tatu, kila chama cha ushirika kikubali watoto wa shule waje siku ya mnada na siku ya kupima, pamoja na mwalimu wao, watazame na waulize. Kiongozi wa ushirika anayeogopa swali la mtoto wa darasa la sita, huyo ana jambo.

Nne, jando na unyago vifanywe wakati wa likizo, na makungwi na manyakanga waje shuleni wazungumze na walimu. Wana ufundi wa kufundisha ambao haumo katika cheti cho chote, na walimu wana elimu ambayo kumbi hazina. Wakikaa mbali, mtoto huvutwa huku na huku mpaka achanike. Wakikaa pamoja, mtoto atafaidi pande zote mbili.

Ndugu zangu, baba zetu waliambiwa hawawezi kujitawala kwa sababu hawakusoma. Wakajibu kwa kusoma chini ya miembe, na kwa kujenga shule kwa udongo na nyasi. Kazi ya kujenga nyumba za shule imekwenda mbele sana. Kazi iliyobaki imo ndani ya nyumba hizo, baina ya mwalimu na mtoto. Na kipimo chake ni rahisi. Jumatatu ijayo mtoto wako akirudi shuleni, usimwulize, "Leo mmesoma nini?" Mwulize, "Leo umeuliza nini?" Kama hana jibu wiki nzima, nenda kamwone mwalimu, si kwa ugomvi, bali na korosho zako mkononi na mizani begani, umwambie, Mwalimu, nimekuja kusaidia.